Marehemu wetu alipigiwa simu jukwaani

Mama, jambo sana.

Mimi ni msichana wa miaka 27, naishi hapa Goma, upande wa Katindo. Mchana nauza dukani. Jioni na mwisho wa juma mimi ni rejisa wa kundi la tiyatri lenye watu 14. Kwa asiyeijua kazi hii: mwongozaji akishamaliza mazoezi, usiku wa onyesho mchezo unabaki mikononi mwa rejisa. Mimi ndiye naita waigizaji, napanga meza ya vifaa, na kuwaambia wa taa na wa sono, yaani wa sauti, lini waanze, lini wazime.

Mwezi uliopita tulicheza kwenye ukumbi wa parokia. Sehemu ya pili ya mchezo wetu ni matanga. Baba wa familia amelazwa mkekani, amefunikwa shuka jeupe, na mjane amekaa kimya pembeni. Ukimya ule tuliufanyia mazoezi wiki mbili nzima. Mjane anatakiwa kuhesabu moyoni hadi 20 kabla ya kusema neno lake la kwanza. Alipofika kama 12, shuka likaanza kuimba. Simu ilikuwa mfukoni mwa marehemu. Muziki wa seben, Mama, tena kwa sauti yote. Maskini marehemu hakujua afanye nini. Alipoanza kupeleka mkono polepole chini ya shuka, ungedhani ni panya anatafuta njia. Mtu mmoja wa viti vya nyuma akapaza sauti: "Pokea, papa, ni Petro mtakatifu anauliza umefika wapi!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mjane naye akacheka. Mchezo haukurudi mahali pake usiku ule.

Na si hilo peke yake. Usiku uleule spika zilikuwa zinatoa ule mlio wa te-te-te-te kabla ya simu ya mtu kuita. Kijana wa sono anaapa kwamba mashine yake haina kosa. Dada anayecheza bibi harusi alijipiga picha nyuma ya pazia akiwa na damu ya bandia kifuani, akaiweka kwenye status ya WhatsApp wakati sehemu ya kwanza haijaisha. Watu watatu ukumbini wakaiona, wakajua atakufa. Mwingine ni wakala wa M-Pesa. Wateja wanamtafuta mpaka saa nne za usiku, naye anawajibu amesimama ubavuni mwa jukwaa, uso umemulikwa na kioo kama mtakatifu wa kwenye kalenda.

Basi onyesho lililofuata nilikuja na beseni. Nikampitia kila mmoja: tia simu humu, utaipata mwisho. Nikalisukuma beseni chini ya meza ya vifaa, nikalifunika kitenge. Wengi walitoa huku wakinung'unika. Mambo mawili yakaharibika. La kwanza, mwisho wa onyesho simu moja ilikutwa kioo kimepasuka, na mwenyewe ananidai dola 35 za kubadilisha. La pili ni Papa wetu, mkubwa kuliko wote kundini, yuleyule anayecheza marehemu. Alikataa. Hakunipigia kelele. Aliniambia tu: "Mwanangu, tarehe 22 Mei 2021 simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Mlima Nyiragongo ulipolipuka, mke wangu alikimbia na watoto upande wa Sake, mimi nikasukumwa na umati mpaka Gisenyi, Rwanda. Nilikaa siku tatu sijui kama wako hai. Simu hii haitoki mwilini mwangu." Sikuwa na jibu. Na wenzake waliposikia hivyo, baadhi yao wakarudi kwenye beseni wakachukua zao.

Mwongozaji anasema nipige marufuku, atakayekataa atoke. Lakini nikimtoa Papa nabaki bila marehemu, na ukweli ni kwamba naona ana haki. Halafu mimi mwenyewe simu naihitaji, maana hatuna vile vifaa vya masikioni vya kuongelea. Kijana wa taa namwandikia kwa WhatsApp: "tayari", kisha "sasa". Onyesho jipya ni wiki tatu zijazo. Nifanye nini?

Rejisa wa beseni, Goma

*

Jambo sana, mtoto wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya kwanza ilikuwa ya kucheka tu. Huyo aliyemtaja Petro mtakatifu mmpe tiketi ya bure.

Sasa tuhesabu. Mko watu 14. Papa alibaki na yake, wengine wakatia kwenye beseni, na baadhi wakazichukua tena. Lakini kuna simu mbili ambazo hazikuguswa na beseni, zikaendelea kuwaka mchezo mzima: yako na ya kijana wa taa. Umeitaja yako mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka deni dogo akiwa ameshafika mlangoni. Waigizaji wako waliiona kabla hujaniandikia. Mtu aliyenyang'anywa simu halafu akamwona rejisa amekaa gizani anaandika WhatsApp hatakusikiliza, hata ukiwa na hoja nzuri kama za wakili.

Kwa hiyo tuanzie kwako. Ujumbe wa WhatsApp unapita mbali kabla ya kufika mita kumi kutoka ulipo. Mtandao ukizubaa, "sasa" yako inafika mjane ameshamaliza kulia. Mega za mtandao zikiisha, haifiki kabisa. Tafuta fundi wa redio, Birere hawakosekani, akutengenezee kitu cha kizamani: balbu mbili ndogo mezani kwa kijana wa taa, nyekundu na ya kijani, na waya mrefu unaorudi kwenye swichi mbili mkononi mwako. Nyekundu ikiwaka, anaweka mkono tayari. Ya kijani ikiwaka, anapiga. Tiyatri kubwa za Uingereza zinatumia taa za namna hii hadi leo, pamoja na hivyo vifaa vya masikioni wanavyo. Mwambie fundi aziweke za betri, umeme ukikatika muendelee kusemezana.

Ukishakuwa na taa hizo, utakuwa pia na sababu ambayo hakuna wa kubishana nayo: nyuma ya jukwaa, mwanga ni amri. Kioo cha simu kikiwaka ubavuni, kijana wako anaweza kudhani ni ishara yake. Kuna hadithi ya wazee wa tiyatri ya Ulaya, kwa nini hawataki mtu apige mluzi nyuma ya pazia. Inasimuliwa kwamba waliokuwa wanavuta kamba za mapambo zamani walikuwa mabaharia, wakipeana ishara kwa mluzi. Wewe ukipiga mluzi wako wa furaha, mwenzako anakushushia gogo kichwani. Sijui kama ni kweli, lakini hadithi yenyewe naipenda, na waigizaji huikumbuka kuliko kanuni iliyobandikwa ukutani.

Kijana wa sono umwombe radhi kama ulimtilia shaka. Anasema kweli. Simu inapowasiliana na mnara kwa ule mtandao wa zamani wa 2G haitumi mawimbi mfululizo. Inayatuma kwa vipande vifupi vifupi, 217 hivi kila sekunde. Waya wa mikro uliolala karibu unayanasa, mashine inayakuza, ukumbi unasikia te-te-te. Kumbuka kwamba simu iliyowekwa kimya inafanya vilevile, kwa sababu iliyonyamaza ni kengele tu. Dawa ni kuizima au kuiweka kwenye hali ya ndege, au kuipeleka mbali na nyaya. Na hicho "kimya" chenyewe wasikuringie nacho: kengele ya kuamsha hulia kwenye simu nyingi hata zikiwa zimenyamazishwa, na simu inayotetema juu ya meza ya mbao ni ngoma. Siku ya mazoezi weka moja juu ya meza yako ya vifaa, umkalishe anayebisha kwenye safu ya tatu, uipigie. Wewe usiseme kitu, mwache asikie mwenyewe.

Tochi za simu pia ziishe. Macho yanahitaji hata nusu saa kuzoea giza vizuri, na kutazama kioo kidogo tu kunayarudisha mwanzo. Ndiyo maana mwigizaji anatoka kwenye status yake anakwenda kujikwaa kwenye mkeka. Funga balbu ya bluu hafifu karibu na meza ya vifaa. Saa ya ukutani itundike hapohapo, watu wasitafute saa mfukoni.

Hayo ni mepesi. Sasa beseni.

Kwanza lipa hicho kioo. Najua dola 35 si chache kwako, na najua hukukikanyaga wewe. Lakini ulichukua mali ya mtu ukaisukuma chini ya meza bila jina wala mlinzi, gizani, mahali watu wanapobadilisha viatu. Kundi lichange, nawe uchange, mmalizane kabla hujatamka neno "simu" tena mbele yao. Ukianza kanuni mpya na deni la zamani, watazungumzia deni.

Pili, ninyi mna hazina ambayo hamjaitumia. Mwaka 2015 huko New York, kwenye Booth Theatre, mtazamaji mmoja alipanda jukwaani kabla ya mchezo kuanza akachomeka simu yake kwenye soketi. Soketi ilikuwa ya mapambo, haina umeme hata chembe. Watu walimshangaa dunia nzima. Mimi niliposikia nilisema huyu angekuwa jirani yangu Ndosho. Sisi tunajua mtu asiye na chaji anavyoangalia ukuta. Ukumbi wa parokia una jenereta? Basi vuta waya mmoja wenye soketi nyingi uuweke kwenye chumba cha mlangoni, mbali na jukwaa, na ukutani tundika kitambaa chenye mifuko 14 iliyoshonwa, kila mmoja na jina lake. Kila mtu aizime simu kwa mkono wake, aiingize mwenyewe, aichomeke, na chumba kifungwe. Nakuhakikishia nusu ya kundi watakuja saa nzima kabla ya wakati wakigombania soketi, na hutakuwa umemnyang'anya mtu kitu.

Mifuko yenye majina ina kazi nyingine, na hapa ndipo tunafika kwa Papa.

Mtoto wangu, mimi pia nilikuwa mjini usiku ule. Ilikuwa Jumamosi. Simu yangu ilikuwa na chaji, na haikuniambia kitu. Walioniambia ni majirani waliogonga mlango, na mbingu yenyewe iliyokuwa nyekundu upande wa mlima. Lava ikaja kusimama karibu na uwanja wa ndege. Simu ilikuja kuwa na faida baadaye, kwenye kutafutana: fulani yuko Sake, fulani amevuka, mtoto wa fulani ameonekana kwa padri. Na tarehe 27, asubuhi, tulipoambiwa mitaa kumi ya mji ihame, ndipo kila mtu alipokuwa ameshika simu sikioni huku amebeba godoro. Mwaka 2002, lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, wengi wetu hatukuwa nazo. Tuliulizana barabarani. Nilimtafuta dada yangu namna hiyo, na sauti yangu iliisha.

Kwa hiyo Papa anapokwambia simu haitoki mwilini mwake, usimwone mkaidi, na mwambie mwongozaji wako asimtishe. Yeye anataka kujua jambo moja tu: watu wake wakimtafuta, watampata? Beseni lenye kitenge lilimjibu hapana. Mpe jibu lingine.

Iwepo simu moja inayowaka: simu ya mlangoni. Aishike mtu asiyeigiza, mwenye akili tulivu, anayekaa pale kwenye tiketi. Namba yake kila mwigizaji aiache nyumbani kwa watu wawili, siku tatu kabla. Simu ikiita, huyo wa mlangoni anaandika kwenye karatasi nani amepiga na amesema nini, anakuletea wewe kwa miguu. Na kila mwigizaji akuambie mapema, faraghani, ni habari gani anataka apewe palepale na ipi ingoje mapumziko. Mmoja ana mke mjamzito, mwingine ana mama hospitali, mwingine hana lolote ila mchumba mwenye wivu. Huyo wa mwisho angoje.

Utaniuliza: na Papa akiwa mkekani, amekufa, nitamwambiaje? Una mjane. Mjane anainama juu ya marehemu kulia, ndiyo kazi yake. Amnong'oneze sikioni. Watazamaji watasema huyu mama anajua kuigiza.

Ikiwa jambo ni la mji mzima, hapo hakuna kunong'ona. Unawasha taa za ukumbi, unapanda jukwaani wewe mwenyewe, unawaambia wote, watazamaji pamoja na waigizaji, milango ipi iko wazi. Hilo lipangeni na watu wa parokia kabla, mjue funguo ziko kwa nani. Na hapo utaona faida ya ile mifuko: kila mtu anapita mlangoni, anachomoa simu yake, anatoka. Hebu fikiria watu wote hao wameinamia beseni moja gizani, wanapapasa.

Usimweleze Papa haya mbele ya vijana. Nenda kwake nyumbani, msalimie mkewe, ukae, unywe chai watakayokupa. Kisha umwombe mama huyo akusaidie: siku ya mazoezi, bila kukwambia saa, aipigie simu ya mlangoni. Mhesabu pamoja dakika zinapita ngapi hadi habari imfikie mumewe mkekani. Zikizidi mbili, Papa ana haki ya kukataa, na wewe una kazi ya kurekebisha. Mwache yeye aseme mnarudia mara ngapi.

Akikataa hata baada ya hapo, mwachie. Simu aizime, iwekwe kwenye kikapu cha mjane, pale pale jukwaani, hatua moja kutoka mkono wake. Vijana wakilalamika kwamba Papa amependelewa, wajibu kwamba ndiyo, amependelewa.

Wakala wa M-Pesa usimfokee. Kwa jinsi ninavyoyajua makundi yetu, mchezo unamlipa nauli ya pikipiki na sahani ya samaki wadogo wa sambaza. Kibanda ndicho kinacholisha watoto. Amwachie mtu kazi jioni za onyesho, au abandike tangazo la saa zake. Ikishindikana kabisa, mpe dakika zake za mapumziko, nje, barabarani. Lakini ubavuni mwa jukwaa, hapana, na hilo alisikie kutoka kwako si kwa mwongozaji.

Bibi harusi ni rahisi. Anataka kuonekana, na kundi linataka watu waje. Mpangie robo saa kabla milango haijafunguliwa: apige picha zake zote, na wewe umwambie nini kisionyeshwe. Damu isionyeshwe. Ila kwenye chumba cha kubadilishia nguo simu isiingie hata hiyo robo saa, hata ya bibi harusi, hata ikisemekana imezimwa. Picha ya mwenzako akiwa nusu uchi ikishatoka hairudi. Kwenye jambo hilo usibembeleze mtu yeyote. Hapo ndipo neno la mwongozaji, la kumtoa mtu, lina mahali pake.

Wiki tatu zinatosha. Anza na fundi wa balbu, maana mafundi wanachelewa. Kisha nguo ya mifuko, na ukifika kwa mshonaji umpelekee pia suruali ya marehemu, azibe mifuko yake yote minne.